Bunduki za Wareno

Mimi historia niliifundisha kwa vita. Walimu wenzangu walikuwa na utaratibu wao: mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili, kengele inalia, kila mtu anashika njia yake. Mimi hapana. Kipindi changu kilikuwa saa nane mchana, watoto wameshiba githeri, mabati yanawaka juu ya vichwa vyao, na moshi wa jaa la Dandora unaingia kwa madirisha yasiyokuwa na vioo. Hebu wewe simama mbele ya watoto wa kidato cha kwanza saa hiyo, uwaambie habari za mfalme wa Ureno na njia ya baharini ya kwenda Bara Hindi. Watasinzia wote, na wewe utasinzia nao.

Kwa hiyo nilikuwa nafunga mlango, tunasukuma madawati ukutani, tunapigana. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza na mtihani ungekuja kwa Kiingereza, lakini vita vyenyewe tulivipigana kwa Kiswahili, wao wakitukanana kwa Sheng, halafu Ijumaa tunakaa chini tunaandika yote kwa Kiingereza cha mtihani. Vita vya Msalaba tulivipigana kwa mafagio na vifuniko vya ndoo. Jerusalem ilikuwa meza yangu, na ilitekwa mara nyingi mpaka ikavunjika mguu. Mkuu wa shule alijua, akajifanya hamnazo, kwa sababu darasa langu lilikuwa likipita.

Na msidhani nilileta vita mahali palipokuwa na amani. Hii ni miaka ya tisini katikati, shule iko upande wa Mowlem, na kichapo kilikuwa kimetuzunguka. Asubuhi mwalimu wa nidhamu aliwalaza waliochelewa kifudifudi uwanjani, na kiboko chake cha mpira wa gari tulikisikia mpaka chumba cha walimu, vikombe vya chai mkononi. Jioni wavulana wa mtaa mmoja waliwavizia wa mtaa mwingine nje ya lango, wamefunga kufuli kwenye mikanda. Siku moja mtoto aliingia darasani kachelewa, nikainua kiboko, maana hata mimi nilikuwa nacho, msinione malaika. Akaniambia, "Ticha, tulikuwa tunaangalia mwizi akichomwa." Akasimulia vile watoto husimulia mpira: nani alileta tairi, nani alitoa kiberiti, jamaa alikimbia mpaka wapi akiwaka. Wenzake wakamuuliza maswali. Hakuna aliyelia. Nilikiteremsha kiboko, nikaona heri hawa wapigane mbele yangu, angalau wajue ni nani alianza na alikuwa anataka nini.

Mwaka huo mkuu wa shule aliamuru kila darasa liwe na kitu cha kuonyesha siku ya wazazi. Wengine wakachagua kwaya, wengine ngoma. Mimi nikasema darasa langu litaonyesha Wareno wakiuvamia mji wa Mombasa: meli kuingia, nahodha kudai ushuru, mfalme wa Mombasa kukataa, watu kupigania kila kichochoro, kisha mji kuporwa na kuchomwa. Watoto walipiga meza kwa furaha. Haki ya Mungu, hawajawahi kulifurahia somo lolote vile.

Nahodha wa Wareno nilimpa msichana. Wavulana walinung'unika, nikawaambia anayetaka unahodha apige kelele kumshinda huyu, na hakuna aliyeweza. Alikuwa mfupi, mwembamba, lakini sauti yake ingeweza kusimamisha soko. Akisema "Fungueni lango!" unajikuta unatafuta ufunguo. Mfalme wa Mombasa nilimpa mvulana mmoja mrefu, mpole, mtoto wa mama muuza mandazi, na katika mazoezi ya kwanza tu Mreno mmoja akampasua mdomo kwa ufagio. Damu ikadondoka kwenye shati jeupe. Mwalimu wa nidhamu akaja mbio, kiboko kwapani.

"Madam, hii ni historia ama ni fujo?"

"Historia, mwalimu. Fujo ni ile yako ya asubuhi."

Hakusema nami wiki nzima. Lakini mafagio niliyaondoa. Niliona tukitaka kupigana bila kuumizana tunahitaji silaha za mchezo hasa, za kushikwa vizuri, mtu ajue anashika nini. Pinde na mishale ya Mombasa walitengeneza wenyewe kwa fito. Kofia za chuma za Wareno tulizikata kwa makatoni. Zikabaki bunduki, na hapo nahodha wangu akainua mkono.

"Ticha, baba yangu ni mchongaji. Atatuchongea."

Jumamosi nikaenda mwenyewe kumwona. Alikuwa Mkamba wa makamo, mjane, anaishi na bintiye huyo mmoja katika chumba kimoja pale Mowlem, wageni bado wa mtaa, na alichongea barazani, amekaa juu ya kigogo, shoka dogo mkononi na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Twiga wake walikwenda mjini kuuzwa kwa watalii. Vijiko na vichana alivitembeza mwenyewe kule Makadara, karibu na mahakama, ambako watu hungoja kesi tangu asubuhi na mtu anayengoja hununua chochote. Aliinuka akanisalimu kwa mikono miwili.

"Karibu, mwalimu. Huyu mtoto hapa nyumbani ni Mreno siku hizi. Ananidai ushuru."

Tulicheka. Nikamwonyesha picha ya kitabuni. Ilikuwa imenakiliwa mara nyingi mpaka Mreno akawa doa jeusi na bunduki yake mstari. Akaigeuza huku na huku.

"Sasa hizi bunduki zao zilikaa namna gani, mwalimu?"

"Ndefu, fundi. Za kutisha. Nataka mzazi akiziona aseme hizi ni za kweli."

"Basi usiwe na wasiwasi. Bunduki naijua."

Akasema hataki malipo, kazi ya shule ni kazi ya mtoto wake, na Jumatano asubuhi ataleta mwenyewe, kwa sababu anataka kuwaona watoto wakizishika. Nilimshukuru, nikaenda zangu. Sikuuliza bunduki anaijua kwa kuiona wapi. Nani angeuliza?

Wiki hiyohiyo majambazi waliingia Mowlem. Walikuja mchana kweupe, wakapita duka kwa duka, na pale kwa muuza mafuta ya taa mdogo wake aliyekuwa akimsaidia kupima mafuta alichelewa kufungua droo. Walimpiga risasi shingoni. Huyo muuza mafuta ndiye alikuwa akiniuzia hata mimi. Mtu wa kanisa, mzee wa heshima, sauti ya chini, hakuwahi kunipunja hata tone. Nilikwenda kwenye matanga nikamkuta ameketi nje ya kibanda chake, shati lina madoa ya damu ya ndugu yake na amekataa kulivua. Aliniambia, "Mwalimu, wakija tena, Mungu anisamehe mapema." Watu waliokuwa pale wakaitikia amina. Polisi walifika wakaandika, wakaondoka. Mtaa mzima ulibaki unatweta, kila mgeni anakodolewa macho, kila gunia linaulizwa limebeba nini.

Jumatano tulikuwa uwanjani tangu mapema, kofia za makatoni vichwani, tunapanga meli. Ndipo ukelele ukapigwa upande wa maduka. Ukikaa Eastlands huhitaji kuambiwa. Kuna ukelele wa msiba, kuna wa moto, na kuna ule wa mwizi, ambao huanza na mtu mmoja kisha mtaa wote ukaudaka. Mvulana mmoja akaparamia ua.

"Ticha, wameshika mwizi! Ako na bunduki kibao! Kwa gunia!"

"Tuende tucheki!" wengine wakadakia.

Mimi bado nilikuwa nawakemea warudi kwenye meli. Nahodha wangu ndiye aliyeelewa kwanza. Alisema, "Baba," si kwa kelele, akapita chini ya waya wa ua, na sketi ikararuka akaenda hivyohivyo. Hapo ndipo na mimi nikaelewa. Uwi! Nilivua viatu nikakimbia. Sikuwaambia watoto wanifuate, wala sikuwaambia wabaki. Walinifuata.

Tulimkuta chini, katikati ya barabara ya vumbi mbele ya maduka. Waliomzunguka walikuwa wengi, na hawakuwa wahuni, nasema nilichoona. Walikuwa mafundi wa viatu, akina mama wauza sukuma wiki, makarani waliokuwa hawajakwenda kazini, watu wa jumuiya za kanisa na wa kwaya. Mmoja alikuwa anampiga kwa ubao wenye msumari. Kila ubao ukiinuka, koti linainuka nao kidogo. Mwanamume mwingine mwenye gambuti alimkanyaga mkono wa kulia akausaga, akauinua mguu, akausaga tena, na nilisikia vidole vikivunjika. Jicho moja halikuonekana kwa damu. Alikuwa anasema kitu kwa Kikamba, na kila akisema wanampiga mdomoni.

Gunia lilikuwa limeraruka na bunduki zimetawanyika vumbini. Ndipo nilipoziona kwa mara ya kwanza. Jamani! Huyu mtu hakuchonga bunduki za Wareno. Hajawahi kuona bunduki ya Mreno, angeionea wapi? Alichonga anayoijua, ile ambayo askari hushuka nayo kwenye lori la mahabusu kila asubuhi kule Makadara, naye fundi amekaa na vichana vyake. Kila moja ilikuwa na kitako, na kifyatulio, na kikasha cha risasi kilichopinda, na ukanda wa mpira wa baiskeli. Amezipaka rangi nyeusi ya viatu akazing'arisha. Mimi niliyeziagiza nilirudi nyuma hatua moja.

Kisha damu ikanichemka. Nilijipenyeza kwa viwiko mpaka ndani.

"Ni za mbao! Ni za shule! Huyu ni mzazi wa mwanafunzi wangu!"

Nikaokota moja niivunje kwa goti wote waone. Haikuvunjika. Fundi alikuwa amechagua mti mgumu, kazi ya mtoto wake. Niliipiga chini, ikalia kwa uzito, na watu wakainama kama imefyatuka. Nilikwaruza rangi kwa ukucha mpaka mbao ikaonekana, nikawasukumia usoni mmoja mmoja.

"Oneni! Mbao! Mna macho?"

"Hata za mbao wanaibia watu nazo, madam," fundi wa viatu akasema, na alikuwa anasema kweli, mnajua.

"Basi huyu ndiye anawatengenezea!" mwanamke mmoja akapaza sauti. "Ndiye fundi wao!"

Lo, hapo nilijua nimemmaliza. Nilikuja kuthibitisha kwamba bunduki ni za kuchonga, na kuchonga kwenyewe ndiko kukawa kosa. Mwanamke huyo alinizaba kofi. Nikamrudishia, la maana, akaketi. Mtu akanikamata kwa nyuma, kitambaa kikatoka kichwani, nikapigwa ngumi ya mbavu ambayo mpaka leo baridi ikija inajitangaza. Tairi lilikuwa limeshafika, linabingirishwa na vijana. Na muuza mafuta alikuwa anakuja na mtungi, hakimbii, anatembea, na watu wanampisha. Lile shati bado alikuwa nalo mwilini.

Binti alikuwa amepiga magoti kichwani pa baba yake. Hakulia. Alikuwa amemshika masikio kwa mikono miwili, asisikie yanayosemwa. Muuza mafuta alimtazama, akanitazama mimi. Watoto wangu walikuwa wameshajipenyeza nyuma yangu, kofia za makatoni zimepinda, pinde mikononi.

"Mzee," nikamwambia, "unanijua. Hizi ni za mchezo. Ni Wareno, ni mchezo wa watoto wa siku ya wazazi. Kwa jina la Mungu."

Akashika kifuniko cha mtungi. Kijana mmoja mwenye mawe mawili mkononi akacheka kwa dharau.

"Kama ni mchezo, wacheze tuone."

Wengine wakacheka. "Ndiyo, wacheze!" Na muuza mafuta, kwa ile sauti yake ya chini ya kanisani, akasema, "Haya. Chezeni." Alisimama hapo, amefungua kifuniko, mtungi umeinama kidogo, na harufu ya mafuta ilitufikia wote.

Ni yule binti aliyesimama. Aliokota bunduki mojawapo vumbini, akaifuta damu kwa sketi, akaipachika begani. Akawageukia wenzake. Mimi nilidhani ameingiwa na kichaa. Halafu nikasikia ile sauti.

"Enyi watu wa Mombasa! Nimetumwa na mfalme wa Ureno! Fungueni lango, toeni ushuru!"

Mfalme wa Mombasa alikuwa amejikojolea, niliiona suruali yake. Lakini alijibu. Mungu ambariki popote alipo, alijibu.

"Hatufungui! Mji huu una wenyewe!"

Wakaanza. Sijaona vita kama vile, na sitaki kuviona tena. Uwanjani walikuwa wanacheza, hapa hawakucheza. Wareno waliokota zile bunduki wakapiga kwa vitako, Mombasa wakarusha mishale na mawe ya kweli, wakipigana kulizunguka tairi na fundi aliyelala chini, na kila mmoja akipiga kwa hofu yake yote. Pua zilipasuka. Msichana mmoja wa Mombasa alitema jino. Umati ukarudi nyuma kuwapa nafasi, na mtu akapiga mluzi, na mwingine akasema, "Piga huyo mrefu!" Wakaanza kushangilia. Wale wale. Aliyekuwa na ubao wenye msumari aliuweka chini ili apige makofi.

Watu wa Mombasa ilibidi wafe, ndivyo ilivyokuwa. Wa kwanza alianguka karibu na fundi, kwenye miguu yake. Wa pili akaiangukia miguu yenyewe. Nikadhani ni bahati mbaya. Wa tatu akaja kutoka mbali, hana hata aliyempiga, akajitupa kifuani pake, na ndipo nilipoelewa wanachofanya. Hawakuambiana. Nilikuwa natazama, hawakuambiana. Walikufa mmoja mmoja juu yake mpaka hakuonekana, koti wala damu, mashati meupe ya shule tu, na mfalme wao akafa wa mwisho, amelaza shavu juu ya kile kichwa kilichopasuka.

Akabaki nahodha. Hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu mchezo niliuandika mimi na nilijua kilichofuata. Mji ukishaanguka, nahodha anainua mkono anawaamuru watu wake: choma. Ndilo neno la mwisho. Tulilirudia mara ngapi uwanjani! Alikuwa amesimama mbele ya mtungi wa mafuta, na kijana mmoja alikuwa na kiberiti amekishika wazi kabisa, na umati wote ulikuwa unamtazama yeye, unangoja. Alifungua mdomo. Alimtazama muuza mafuta usoni.

"Mji umekwisha," akasema. "Hakuna kitu tena hapa. Rudini kwenye meli, twendeni nyumbani."

Wakapiga makofi. Walishangilia, nawaambia! Mwanamke niliyemzaba kofi alicheka mpaka akashika mbavu. Na muuza mafuta akacheka. Meno yote nje, mtu ambaye hakuwa amecheka tangu afiwe. Akafunga kifuniko cha mtungi. "Watoto wa siku hizi," akasema, akatikisa kichwa, akarudi kibandani kwake. Fundi wa viatu aliniuliza siku ya wazazi ni lini, anataka kuleta wanawe.

Ningemjibu ningemng'ata. Tuliwainua wafu wetu mmoja baada ya mwingine, na chini yao fundi alikuwa hai. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameshafika, sijui saa ngapi, akasimamisha pikapu ya kabichi kwa kusimama katikati ya barabara na kukataa kuondoka. Tulimlaza juu ya kabichi, tukaenda naye hospitali. Njia nzima binti alimshika masikio vilevile.

Aliishi. Jicho lilikwenda, na ule mkono wa kulia ukabaki na kidole gumba na kimoja kinachokunjika. Hakuchonga tena. Na najua mnachongoja. Mnangoja mimi niseme nilikosa, ningemwonyesha picha nzuri, ningetuma gari la shule, ambalo hatukuwa nalo. Sisemi. Sikurusha jiwe mimi. Aliyerusha jiwe anajijua, na mke wake anamjua, na Jumapili waliketi pamoja kanisani wakaimba. Hasira hiyo ninayo mpaka leo na sina haja ya kuponywa.

Siku ya wazazi mkuu wa shule alifuta mchezo wetu, tukaimba kwaya kama wengine. Binti alikaa nyumbani kumuuguza baba yake, na aliporudi tulikuwa tumerudisha madawati mahali pake. Nilikuwa nafundisha kwa ubao sasa, kama walimu wenzangu. Siku hiyo nilikuwa naeleza jinsi Wareno walivyorudi kuivamia Mombasa miaka mingi baadaye, na kwamba safari hiyo watu wa miji ya jirani waliwasaidia, wakaingia na kupora pamoja nao. Akainua mkono.

"Mwalimu, Wareno walipoondoka, hao majirani walibaki?"

"Walibaki. Wangekwenda wapi?"

"Na watu wa Mombasa waliishi nao vipi?"

Nikapekua kitabu, nikajua ninapekua bure. Nikamwambia kitabu hakisemi. Alibaki amesimama, mikono juu ya dawati, anatazama mbele.

"Sisi mafuta ya taa tunanunua kwa yule mzee," akasema.

Chaki ilinivunjikia mkononi. Nikapandisha sauti, sikuweza kujizuia. "Kwake? Hakuna kibanda kingine Mowlem nzima? Nani anakutuma kwake?"

"Baba. Kila jioni ananiambia niende kwa huyo, na nisalimie kwanza. Anasema tukinunua kwingine watasema tuna kinyongo. Na wakisema tuna kinyongo, watatuogopa." Akafunga daftari lake. "Jana yule mzee ameniongezea, chupa imejaa mpaka shingoni. Nikamwambia asante, mzee. Akaniuliza baba anaendeleaje, nikamwambia anakusalimu sana."